Stakabadhi Inaposubiri Mtandao: Jinsi Mashine ya Mkononi Inavyozungumza na Kanzidata Iliyo Mbali

Katika madirisha ya huduma, sokoni na kwenye maegesho ya magari, ipo kauli moja ambayo mkazi wa Mtoni ameisikia mara nyingi kiasi kwamba haimshangazi tena: "Mtandao uko chini." Kauli hiyo hutumika kueleza mambo mengi yasiyofanana. Mara nyingine ni mnara wa simu uliozidiwa na watumiaji. Mara nyingine ni seva iliyozimwa kwa matengenezo. Na mara nyingine mtandao upo kabisa, ila nywila ya mtumishi imekwisha muda wake. Mwananchi hupewa jibu lilelile moja, naye hurudi nyumbani bila kujua kama fedha aliyoitoa imeandikwa mahali popote.

Somo la toleo hili linahusu kinachotokea nyuma ya kauli hiyo, yaani namna programu iliyomo ndani ya kifaa kimoja, yenye uwezo wa kufanya kazi peke yake, inavyounganishwa na kanzidata iliyowekwa katika seva iliyo mbali. Ni jambo la kiufundi, lakini matokeo yake humfikia muuza mboga wa Mtongani na kijana anayekusanya ushuru kabla ya kumfikia fundi yeyote wa kompyuta.

Asubuhi moja sokoni

Na uchukuliwe mfano. Ni saa moja asubuhi. Mkusanya ushuru, kijana mwenye mashine ya POS mkononi, anafika kwenye meza ya mama anayeuza nyanya na vitunguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umewahi."

"Nimewahi kabla jua halijawa kali. Naomba ushuru mama."

Mama anatoa shilingi 500, kiwango kilichowekwa hapa kwa ajili ya mfano tu. Mashine inalia kidogo na kutoa karatasi. Mama anaitazama karatasi hiyo mbele na nyuma.

"Si mmesema tangu jana mtandao hakuna? Hii karatasi imetokaje?"

"Karatasi inatoka hata mtandao usipokuwepo, mama. Mashine inaandika kwanza, halafu inapeleka baadaye."

"Baadaye lini?"

Kijana anacheka, anaaga, anahamia meza ya pili. Hata hivyo swali la mama huyo halikuwa la mzaha, na somo zima limo ndani yake.

Kanzidata, seva na programu

Kanzidata ni ghala la taarifa zilizopangwa kwa utaratibu unaoruhusu kuzitafuta, kuzilinganisha na kuzijumlisha kwa haraka. Daftari la ushuru lenye safu za tarehe, jina, kiasi na saini ni kanzidata ya kienyeji. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala iliyopendekeza taarifa za kompyuta zipangwe katika majedwali yanayohusiana, mfano wa hayo madaftari. Jedwali moja lina walipaji, jingine lina malipo, na namba moja ya utambulisho huunganisha mlipaji na malipo yake. Sehemu kubwa ya kanzidata zinazotumika leo katika mabenki, hospitali na halmashauri zimejengwa juu ya wazo hilo.

Seva ni kompyuta ambayo kazi yake ni kuhudumia kompyuta nyingine. Haina mtu aliyeketi mbele yake akiandika barua. Huwashwa usiku na mchana, hupozwa kwa viyoyozi, hupewa umeme wa akiba, na hungoja maombi. Jijini Dar es Salaam, Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama ni mfano wa jengo lililowekwa mahususi kwa ajili ya mitambo ya namna hiyo.

Programu inayojitegemea, kwa upande wake, ni ile inayoishi ndani ya kifaa cha mtumiaji: mashine ya POS, kishikwambi, simu au kompyuta ya mezani. Ina vitufe vyake, kumbukumbu yake na hesabu zake. Ikizimiwa mtandao bado inaweza kuwashwa na kutumiwa.

Wakazi wa Mtoni wanao mfano wa karibu. Mtambo wa kusafisha maji wa Mtoni, unaochota maji ya Mto Kizinga, umekuwepo tangu enzi za ukoloni. Mkazi hachoti maji mtamboni kwa ndoo. Yapo mabomba, vizuizi vya kufungia na kufungulia, na mita. Maji yasipotoka bombani, sababu yaweza kuwa mtamboni, kwenye bomba kuu chini ya barabara, au kwenye koki ya nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana nyumba nyingi zimeweka simtanki juani: maji yakikatika, familia inaendelea kupika. Mashine ya POS nayo ina simtanki lake dogo la taarifa. Mfano huu una kasoro moja inayopaswa kukumbukwa: maji hutoka mtamboni kuja nyumbani, ilhali taarifa za ushuru hutoka mkononi kwenda kwenye seva. Simtanki la mashine hujaa pale bomba linapofungwa, na likikaa bila kumwagwa, tatizo huanza.

Manowari iliyokosa seva

Historia ya hilo simtanki inapendeza kusimuliwa. Kuelekea mwaka 2000, mtaalamu wa programu Mmarekani, D. Richard Hipp, alikuwa akifanya kazi kuhusu programu iliyokusudiwa kutumika ndani ya manowari ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Programu hiyo ilisoma taarifa zake kutoka kwenye kanzidata iliyokuwa katika seva. Kila seva ilipokuwa haifanyi kazi, programu ilishindwa kuendelea na kutoa ujumbe kwamba haikuweza kuunganishwa na kanzidata. Kosa halikuwa la programu, lakini lawama iliiangukia programu, kwa kuwa ndiyo iliyoonyesha ujumbe huo kwenye kioo.

Hipp alijiuliza kwa nini programu isisome taarifa moja kwa moja kutoka kwenye faili lililomo ndani ya kompyuta ileile, bila kuhitaji seva yoyote. Mwezi Agosti mwaka 2000 alitoa toleo la kwanza la SQLite, kanzidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja. Leo SQLite imo ndani ya simu za Android na iPhone, na katika programu nyingi zinazotumika kila siku. Mkazi anayesoma ujumbe wake wa zamani wa WhatsApp akiwa hana bando anasoma kutoka kwenye hifadhi ya namna hiyo iliyomo ndani ya simu yake.

Kazi mbili tofauti

Siyo kila huduma inaweza kutegemea simtanki. Wakazi wanakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliokuwa na ukomo wa tarehe 20 Januari 2020. Wakala aliyeketi chini ya mwavuli kando ya Barabara ya Kilwa alikuwa na kifaa kidogo cha kusoma kidole, lakini kifaa hicho hakikuwa na alama za vidole vya Watanzania wote, na haikufaa kiwe nazo. Kilichukua alama na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, kikauliza kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, kikapokea jibu. Mtandao ulipokatika, kazi ilisimama, na ilikuwa halali isimame. Kifaa kinachouliza hakiwezi kujijibu chenyewe.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilikuwa na tabia nyingine. Makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Karani aliyefika mahali pasipo na mnara hakuweza kumwambia mkuu wa kaya asubiri mtandao. Aliandika majibu ndani ya kishikwambi, na taarifa zikatumwa kwenye seva baadaye. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu 61,741,120 nchini kote, na 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa kazi ya kuandika na kukusanya, kuchelewa kutuma kunavumilika, maadamu kila dodoso linafika, na linafika mara moja tu.

Mashine ya ushuru ni ya kundi la pili. Huandika, kisha hutuma. Ndiyo maana karatasi ya mama muuza nyanya ilitoka bila mtandao.

Safari ya stakabadhi

Mkusanya ushuru anapobonyeza kitufe, programu huandika mstari mmoja katika hifadhi ya mashine: namba ya stakabadhi, tarehe na saa, aina ya ushuru, kiasi, na utambulisho wa mkusanyaji. Kando ya mstari huo huwekwa alama yenye maana kwamba bado haujatumwa. Karatasi huchapishwa. Hapa ndipo ukumbusho wa kwanza unapofaa: karatasi inathibitisha kwamba mashine imeandika. Bado haithibitishi kwamba seva imepokea.

Mtandao unaporejea, programu huanza safari. Kwanza hutafuta anwani ya seva. Kama vile barua ya kwenda Mtoni Kijichi inavyohitaji zaidi ya neno "Mtoni", programu inahitaji jina la seva, nalo hugeuzwa kuwa namba ambazo vifaa vya mtandao vinazielewa. Pili, hubisha hodi kwenye mlango maalumu. Kila seva ina milango mingi yenye namba, na kila huduma husikiliza kwenye mlango wake: tovuti salama huwa kwenye 443, kanzidata za MySQL kwa kawaida kwenye 3306, na za PostgreSQL kwenye 5432. Tatu, pande mbili hutambuana. Seva huonyesha cheti chake cha kidijitali ili mashine ijue haijaingia kwenye nyumba ya tapeli, kisha mazungumzo hufumbwa, kiasi kwamba anayeyanasa njiani hawezi kuyasoma. Ndani ya mazungumzo hayo yaliyofumbwa, mashine hujitambulisha kwa jina na siri yake.

Fundi mwenye uzoefu hutambua hitilafu kwa kuangalia safari ilikwamia wapi. Jina la seva lisipopatikana, kasoro ipo kwenye anwani. Mashine ikibisha na kungoja mpaka muda ukaisha bila jibu, huenda njia imefungwa au mnara umezidiwa. Ikibisha na kukataliwa papo hapo, njia ipo na nyumba ipo, ila hakuna anayesikiliza kwenye mlango ule. Mara nyingi programu ya seva imezimika. Na ikifunguliwa mlango kisha ikafukuzwa, tatizo ni utambulisho. Yote manne hutangazwa dirishani kuwa "mtandao uko chini". Mtumishi anayesoma ujumbe ulioandikwa kwenye kioo na kuunakili kwa fundi kama ulivyo humwokolea mwananchi saa kadhaa.

Mwezi Mei mwaka 2024 yalitokea mafunzo makubwa kuhusu njia. Siku ya Jumapili, tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Kukatika kwa namna hiyo huumiza kwanza huduma ambazo seva zake zipo ughaibuni. Mfumo ambao seva yake imo nchini, na ambao njia yake haitoki nje ya mipaka, hauhitaji waya wa baharini ili kumfikia mkazi wa Mtoni. Mahali seva ilipo, kwa hiyo, ni suala la huduma kwa wananchi kama lilivyo suala la ufundi.

Kwa nini mashine haiingii ghalani yenyewe

Zamani, na hadi leo katika ofisi nyingi ndogo, programu ya mezani ilipewa jina na nywila ya kanzidata, ikaenda moja kwa moja kusoma na kuandika. Ndani ya jengo moja lenye kompyuta tano zilizofungwa waya mmoja, utaratibu huo ulivumilika. Lakini mashine za mapato hutembea. Huwekwa mfukoni, hupandishwa daladala na bodaboda, na huweza kuibwa Tandika mchana kweupe. Kama ufunguo wa ghala umo ndani ya kila mashine, anayeiba mashine moja ameiba ghala zima.

Kwa sababu hiyo, mifumo iliyojengwa vizuri huweka mlinzi katikati. Mashine haizungumzi na kanzidata. Inazungumza na programu iliyopo kwenye seva, ambayo hupokea ujumbe, huukagua, kisha yenyewe huandika katika kanzidata. Mlinzi huyo anajua kwamba mashine fulani inaruhusiwa kuleta stakabadhi mpya tu, na hairuhusiwi kufuta ya jana wala kusoma za mkusanyaji mwingine. Mashine ikiibwa, ruhusa yake hufutwa siku hiyohiyo, na nyingine zinaendelea kufanya kazi. Mlango wa kanzidata yenyewe haufunguliwi kwa intaneti.

Utaratibu huohuo wa kupeleka ujumbe badala ya kuingiliana ghalani hutumika kati ya taasisi. Mlipaji anapopewa namba ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba, na kuilipia kwa simu au benki, taarifa hupitia mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Benki haiingii katika kanzidata ya taasisi inayolipwa. Inatuma taarifa kwamba namba fulani imelipiwa, na mfumo wa taasisi hujiandikia wenyewe. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo imejenga mfumo wa GovESB kwa ajili ya kubadilishana taarifa kati ya mifumo ya umma kwa njia hiyo ya ujumbe.

Mlinzi wa katikati ana kazi nyingine inayowahusu wakazi wa Temeke kwa namna ya pekee. Lugha ya kuzungumza na kanzidata, SQL, hutumia alama ya ritifaa kuonyesha mahali maneno yanapoanza na kuishia. Mtunzi wa programu asiye makini, anayeunganisha maneno ya mtumiaji na amri zake bila kuyatenga, atashangaa siku mtumiaji atakapoandika Chang'ombe. Kanzidata itadhani neno limeishia kwenye "Chang", na itaikataa stakabadhi nzima kwa sababu haielewi "ombe" ni amri gani. Hilo ni nusu ya tatizo. Mtu mwenye nia mbaya anayejua udhaifu huo anaweza kuandika, mahali pa jina lake, amri halisi ya kufuta jedwali. Tiba inajulikana tangu zamani: maneno ya mtumiaji yapelekwe pembeni ya amri, yakiwa yametengwa, ili yasomwe kama maneno tu. Jaribio rahisi kwa kila mfumo mpya unaoletwa Temeke ni kusajili mfanyabiashara wa Chang'ombe na kuona kinachotokea.

Jibu linalopotea njiani

Sehemu ngumu kuliko zote ni ndogo sana kwa kuitazama. Mashine imetuma stakabadhi. Seva imepokea, imeandika, na imejibu: "imepokelewa." Sekunde hiyohiyo mkusanya ushuru anapita mahali ambapo mtandao unakatika, na jibu halifiki. Mashine inajua kwamba ilituma. Haijui kama ilipokelewa.

Mashine ikinyamaza, huenda stakabadhi imepotea kabisa. Ikituma tena, huenda seva ikaandika mara mbili. Hakuna chaguo la tatu kwa upande wa mashine. Utatuzi upo upande wa kanzidata, nao unategemea kitu kimoja: namba ya stakabadhi isiyojirudia. Namba hiyo hutungwa na mashine yenyewe, kwa mfano kwa kuunganisha namba ya mashine na namba ya mfululizo, kabla safari haijaanza. Kanzidata hupewa sharti kwamba namba moja haiwezi kuandikwa mara mbili. Mashine inapotuma tena, seva huitambua namba, haiandiki upya, bali hujibu kwa upole kwamba stakabadhi hiyo ilishafika. Kwa mpango huo mashine inaweza kurudia mara kumi bila madhara.

Pale ambapo sharti hilo halikuwekwa, anayeumia wa kwanza ni kijana mwenye mashine. Mkusanyaji hudaiwa kuwasilisha benki kiasi kilekile ambacho mfumo unaonyesha amekusanya. Stakabadhi 40 za shilingi 500 ni shilingi 20,000. Zikiandikwa mara mbili, mfumo unamdai 40,000, naye mfukoni ana 20,000 tu. Ataitwa mdaiwa, na hata mwizi, kwa fedha ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzitoa. Kujitetea kwake kutategemea kama kuna mtu anayejua kwamba jibu linaweza kupotea njiani.

Jambo la pili linaloambatana na hilo ni muamala. Kupokea stakabadhi moja kunaweza kuhitaji kuandika mahali pawili: katika jedwali la malipo na katika hesabu ya mkusanyaji. Umeme ukikatika baada ya kuandika la kwanza na kabla ya la pili, daftari halitawiana. Kanzidata nzuri huyafunga maandishi yote mawili katika kifungu kimoja: ama yote yanaandikwa, ama hakuna linaloandikwa. Kwa wanaofahamu upatu, ni sawa na kijumbe kutotamka kwamba mzunguko umekamilika mpaka kila mmoja awe ameweka fungu lake mezani.

Lipo na suala la saa. Mashine iliyoishiwa chaji kabisa huweza kuamka na tarehe isiyo sahihi, na baadhi ya vifaa hurudi hadi tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo kompyuta nyingi huanzia kuhesabu muda. Stakabadhi ikitoka na mwaka huo, mlipaji asiipokee na kuondoka akicheka. Aiombe irekebishwe hapohapo, kwa kuwa siku atakapoitafuta kwenye mfumo, haitaonekana katika mwezi aliolipa.

Simtanki lililojaa

Mashine iliyokaa siku nyingi bila kutuma hubeba fedha za umma ambazo hakuna mwingine anayeziona. Ofisi haijui kiasi kilichokusanywa. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, katika taarifa zake kuhusu serikali za mitaa, amezungumzia zaidi ya mara moja mashine za kukusanyia mapato zilizokaa muda mrefu nje ya mtandao. Baadhi ya ukimya wa namna hiyo husababishwa na minara. Mwingine huwa wa makusudi, na kwa kuangalia mashine pekee ni vigumu kutofautisha. Programu inayofaa huwekewa ukomo wa muda au wa kiasi, na ukifikiwa mashine hukataa kutoa stakabadhi nyingine mpaka itume zilizopo. Ukomo huo huudhi siku ya mtandao mbaya. Hata hivyo, maudhi ya saa moja ni nafuu kuliko mwezi mzima wa mapato yaliyolala ndani ya kifaa kinachoweza kudondoka mtaroni.

Kifaa kikidondoka kweli kabla ya kutuma, nakala pekee iliyobaki duniani ni ile karatasi aliyonayo mama muuza nyanya. Karatasi hizo huchapishwa kwa joto, bila wino, na kwa sababu hiyo joto na jua huziharibu. Karatasi iliyokaa wiki mbili kwenye dashibodi ya bajaji, au iliyofungwa kwenye pindo la kanga kando ya jiko la mkaa, mara nyingi haisomeki tena.

Taarifa ni mali ya nani

Stakabadhi ya shilingi 500 haina siri kubwa. Lakini mifumo inayounganishwa kwa njia hizohizo hubeba majina, namba za simu, namba za NIDA na, katika zahanati na vituo vya afya, historia za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani na haki ya kuomba zirekebishwe zikiwa si sahihi. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mtumishi anayempa mwenzake nywila yake ili "amsaidie foleni" anavunja kiungo muhimu cha ulinzi huo, kwa kuwa kanzidata itaandika kwamba yeye ndiye aliyefungua faili ambalo hakuligusa.

Jibu la swali la mama

"Baadaye lini?" Kwa mashine iliyo salama, jibu ni pale mtandao unaporejea, pasipo mtu kubonyeza kitu. Kwa mashine yenye hitilafu, jibu laweza kuwa kamwe, na mlipaji ana njia ya kujilinda.

Apige picha ya stakabadhi kwa simu siku ileile anayoipokea, namba zote zikisomeka: namba ya stakabadhi, tarehe na saa, kiasi, na utambulisho wa mashine au mkusanyaji. Anayelipa kwa kontroli namba ahifadhi ujumbe wa simu wenye namba ya muamala, na asiufute kwa sababu tu kumbukumbu imejaa. Malipo ya jana yakikosekana kwenye mfumo leo, kwanza huulizwa kama mashine husika imeshatuma; mara nyingi jibu hupatikana hapo. Yakiendelea kukosekana, mlipaji afike Ofisi ya Mtendaji wa Kata akiwa na karatasi na picha, aeleze siku, saa na mahali alipolipia. Asikubali kulipa mara ya pili kwa ahadi ya mdomo kwamba "itarekebishwa", kwa kuwa malipo ya pili hutoa namba mpya ya stakabadhi, na kanzidata haina namna ya kujua kwamba namba hizo mbili ni za nyanya zilezile za siku ileile.

Wasiokuwa na simu yenye kamera waandike namba ya stakabadhi kwa kalamu nyuma ya karatasi yenyewe. Wino wa kalamu haufutwi upesi na jua la Mtongani.